Kula samaki kwenye hoteli kongwe za Lamu: mwongozo kwa anayekwenda mara ya kwanza

Kila likizo ikikaribia, maswali huwa yale yale. Lazima niweke meza mapema? Kamba mawe ni bei gani? Naweza kwenda na kaptula? Kuna bia? Mbona shemeji yangu alilipa karibu mara mbili ya bei aliyoiona kwenye menyu? Kumjibu kila mtu peke yake kumenichosha, kwa hivyo nimeyaweka yote hapa.

Nazungumzia zile hoteli za zamani za ukingoni mwa bahari, mjini Lamu na kule Shela, kijiji cha jirani kisiwani humo humo, nyumba za mawe zenye boriti za mikoko darini na baraza inayotazama maji. Watalii wamezizoea tangu enzi za mahipi, miaka ya 1970, na wengine kabla ya hapo. Inayotajwa zaidi ni Peponi ya Shela, iliyofunguliwa mwaka 1967, na huhitaji kulala pale ndipo ule. Mjini ziko nyingine ndogo, za bei nafuu, zenye viti vya mbao na paka chini ya kila meza. Mwongozo huu unafaa kote huko. Ukitaka viazi karai na mishkaki ya jioni karibu na ngome, huhitaji mwongozo, unahitaji njaa tu.

Jambo moja lishike kabla ya mengine yote. Menyu ile ya plastiki imechapishwa kwa mwaka mzima, lakini samaki hawaji kwa mwaka mzima. Hoteli hizi huagizi kwa kusoma, unaagiza kwa kuuliza, na unauliza mapema, mpishi akiwa bado hajawasha makaa. Mtalii wa kutoka mbali hana lugha ya kuulizia, ndiyo sababu kawekewa menyu. Wewe lugha unayo. Ajabu ni kwamba wengi wetu tukifika pale tunajifanya wageni, tunasoma ukurasa wa pili, tunanyoosha kidole.

Kabla hujatoka

Hakikisha una hivi:

- Namba ya simu ya hoteli yenyewe, si ya kijana uliyekutana naye gatini.
- Salio la M-Pesa na pesa taslimu kidogo. Mashine ya kadi huwepo kwenye hoteli kubwa, lakini mtandao ukikatika haina maana. Noti ndogo ndizo zitakazokufaa kwenye boti.
- Nguo inayofunika mabega na magoti. Hoteli nyingine za Shela hawatakuuliza kitu ukiwa na kaptula, lakini ili ufike utapita vichochoroni, milangoni mwa watu na mbele ya misikiti. Leso au shuka begani inatosha.
- Ndala au viatu vinavyokubali maji. Sababu utaiona kwenye hatua ya tano.
- Tochi, hata ya simu. Vichochoro vya Lamu usiku vina giza, ngazi za ghafla, na punda.
- Muda. Ukiwa na ndege ya kuwahi saa tisa Manda, kisiwa cha ng'ambo chenye uwanja wa ndege, usiagize samaki wa kupaka, yule wa kuchomwa makaani na kupakwa tui, saa saba.

Hatua ya 1: Tazama upepo na kalenda

Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hutulia na wavuvi hutoka nje ya miamba. Huo ndio wakati wa nguru, jodari na kolekole wakubwa. Kusi ikishika, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi ya nje hayana mzaha, na vyombo vidogo hubaki ndani ya mikono ya bahari. Wakati huo tegemea tafi, changu na kaa. Kaa wa mikoko ni wa kutumainiwa, maana sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya iko kaunti hii. Mtu anayekuja Julai akidai minofu ya jodari ataletewa, ndiyo, lakini huenda jodari huyo amekaa kwenye friza muda mrefu kuliko vile ungependa kujua.

Masika, kuanzia Aprili, baadhi ya hoteli za Shela hufunga wakarabati. Piga simu kwanza.

Ramadhani, jikoni nyingi za mjini hulala mchana. Usije ukakaa barazani saa saba ukasubiri menyu, wala usitembee na chupa ya maji mdomoni. Njoo usiku. Baada ya futari mji unaamka, na chakula cha usiku wa Ramadhani Lamu sitakilinganisha na cha mwezi mwingine wowote. Ijumaa nayo ina yake: kati ya saa sita na nusu na saa nane hivi, wapishi na wahudumu wako msikitini. Ukiagiza saa sita na robo umejitafutia njaa.

Wakati wa Maulidi, mwishoni mwa Mfungo Sita, mji hufurika watu wanaokuja Msikiti wa Riyadha, na mwisho wa Desemba Shela hujaa vivyo hivyo, ila kwa sababu nyingine. Nyakati hizo mbili weka meza siku kadhaa mapema.

Hatua ya 2: Pita asubuhi uulize

Hii ndiyo hatua inayorukwa na ndiyo yenye faida kuliko zote. Kama unakula usiku, pita hotelini asubuhi, saa tatu au saa nne, samaki wanapoletwa. Huwezi kupita? Piga simu. Salimia vizuri kwanza. Ukianza na bei kabla ya salamu, utajibiwa kwa bei. Mwenye umri umpe shikamoo yake, kijana wa makamo yako muite kaka au dada. Kisha uliza hivi:

"Leo wameingia samaki gani?" Usiulize "kuna nguru?", kwa sababu jibu la swali hilo ni ndiyo kila siku.

"Wa leo au wa jana?" Uliza bila ukali. Hoteli yenye heshima itakwambia ukweli: kolekole wa leo, kamba wa jana usiku.

"Mpishi mwenyewe angekula yupi?" Hapa utaona sura ya mhudumu inabadilika. Mara nyingi atataja kitu ambacho hakimo kwenye menyu kabisa: pweza wa nazi, changu wa kuchoma mzima, mchuzi wa papa mchanga wa wafanyakazi. Hoteli hizi zina vyakula viwili, cha mbele na cha nyuma. Cha nyuma ndicho wapishi wanakipika kama kwao, na ukikiomba kwa adabu asubuhi, utakipata usiku. Ukikiomba saa mbili usiku, sufuria limeshaoshwa.

Ukikubaliana, acha jina lako, idadi ya watu na saa. Kama wanataka malipo ya awali kwa sababu ya kamba mawe, hiyo ni kawaida, ila lipa kwa namba ya Lipa na M-Pesa ya hoteli, na usome jina linalotokea kabla hujathibitisha malipo.

ONYO: Gatini utakutana na kijana mcheshi atakayekwambia hoteli unayoitafuta imefungwa, au kwamba mama yake anapika vizuri zaidi, umpe pesa za kununua samaki sasa hivi. Wako wanaopika kweli nyumbani, na wanapika vizuri. Wako pia ambao ukishawapa pesa hutawaona tena mpaka meli ya mwisho. Kanuni ni nyepesi: pesa hutoka baada ya kuona jiko.

Hatua ya 3: Mchague samaki kwa macho yako

Ukiwa pale asubuhi, omba kuonyeshwa. Hakuna mpishi mwenye samaki mzuri atakayekasirika. Tazama jicho: liwe limejaa na linang'aa, si lililozama na kufanya ukungu. Fungua matamvua: yawe mekundu, si ya kahawia. Bonyeza nyama karibu na mgongo kwa kidole. Ikirudi, sawa, ikibaki na shimo, mrudishe. Anuke bahari. Akinuka samaki, kama wanavyosema wavuvi, huyo si samaki tena.

Sasa yupi kwa pishi lipi? Hapa nina maoni yangu.

Tafi ni wa kupaka au wa kukaanga. Ni mdogo, ana miiba, na ana utamu ambao minofu haina. Watoto na wasiozoea miiba wape changu au kolekole. Nguru na jodari ni wa kuchoma vipande, ila wakipitiliza motoni huwa wakavu, basi sema mapema kwamba hutaki wakaushwe. Chewa mkubwa anafaa mchuzi wa nazi, na kichwa chake usikubali kibaki jikoni.

Pweza ndiye ninayemsifu kwa kila mgeni. Bei yake ni ya chini, hoteli za hapa zinamjua, na akichemshwa taratibu hadi alainike kisha akamaliziwa kwenye tui na ndimu, hutamkumbuka kamba mawe.

Kamba mawe, ambaye wengine mmemzoea kwa jina la kambakochi, hupigiwa mbizi huko Kizingitini, Kiunga na visiwa vya juu. Ni mtamu, sikatai. Mchome na kitunguu saumu na siagi kidogo, au mpake nazi. Hoteli nyingine humfunika kwa jibini na krimu kwa sababu watalii wa zamani walipenda hivyo. Kumfanyia hivyo kamba aliyetoka baharini leo ni kumdhulumu. Na jike mwenye mayai chini ya mkia haruhusiwi kuvuliwa, ukimwona jikoni mkatae.

Kaa ni kazi. Usimwagize kama umevaa nguo nyeupe au una mazungumzo ya maana.

Chaza wabichi mimi siwali hotelini mahali ambapo umeme hukatika. Waliopikwa, sawa.

Na ukinong'onezwa kwamba kuna nyama ya kasa, inuka uondoke. Kasa analindwa na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na atakayekamatwa ni pamoja na wewe mlaji.

Hatua ya 4: Elewaneni bei, kilo au sahani

Hapa ndipo shemeji alipoumia. Samaki wa kawaida huuzwa kwa sahani. Kamba mawe, kaa wakubwa na samaki wazima wakubwa huuzwa kwa kilo, na kwenye menyu utaona "bei ya soko" au bei bila kuelezwa ni ya nini. Kilo hiyo hupimwa mnyama akiwa mbichi, na gamba lake, na kichwa chake. Kwa kamba mawe, sehemu kubwa ya uzito huo haitaingia mdomoni.

Basi sema: "Mpime nimwone." Mizani ipo, na ni haki yako. Andika uzito kwenye simu.

Kisha uliza kama bei ina kodi ndani. Tuseme kilo ni shilingi 3,500 na kamba wako ana gramu 800. Hiyo ni 2,800. Kama bei haikujumuisha kodi, ongeza VAT ya 16%, ambayo ni 448, na tozo ya utalii ya 2%, ambayo ni 56. Hoteli nyingine huongeza 10% ya huduma, 280 nyingine. Umefika 3,584 na bado hujanywa hata maji. Hakuna aliyekuibia, ila ungeambiwa mapema ungependa zaidi. Bei zenyewe sitaziandika, zinabadilika na upepo.

Je, unaweza kupatana bei? Kwenye hoteli ndogo za mjini, kwa samaki mzima, kidogo inawezekana asubuhi. Usiku mezani, hapana, ni kujivunjia heshima. Badala ya kuvutana, omba kiasi: "Tuna bajeti hii, watu wanne, tupangie." Mpishi wa Lamu akipewa bajeti na uhuru atakufanyia zaidi ya ulichotarajia.

Hatua ya 5: Panga njia na maji

Kama umelala mjini na unakula mjini, ruka hatua hii. Kama unavuka kwenda Shela, isome mara mbili.

Ni kama kilomita 3, dakika 45 kwa miguu kando ya ufuo, au kama robo saa kwa boti. Njia ya miguu inategemea maji. Yakijaa, ufuo humezwa na utalazimika kupita juu au kulowa hadi mapajani. Wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kuanzia kama saa kumi, saa kumi na moja jioni, ile saa hasa unayotaka kutembea ukitazama jua likitua. Yanakupwa kama saa nne, saa tano usiku, ile saa unayotaka kurudi kwa boti, na utakuta boti imesimama mbali na ngazi kwa sababu pembeni hakuna kina. Hapo ndipo ndala zinapokuwa na maana: unashuka, unatembea majini, unaingia. Siku za maji mafu, zile za katikati ya bamvua mbili, tofauti hii ni ndogo, unakwenda na kurudi bila vituko. Muulize yeyote aliyekaa barazani maji yanajaa saa ngapi leo, atakujibu bila kutazama popote.

Boti: mchana kuna za kubeba watu wengi kwa nauli ndogo. Usiku ni za kukodi, na bei hupanda. Patana na nahodha kabla hujapanda, kwenda na kurudi, chukua namba yake, mwambie saa kamili ya kukufuata, na mlipe nusu ya pili ukishafika. Omba jaketi za kuokolea maisha, hasa kwa watoto, hata kama abiria wengine watakucheka.

Hatua ya 6: Fika, keti, tulia

Fika nusu saa kabla ya chakula. Chagua meza kwa upepo, si kwa mandhari tu. Kusi ikiwa kali, meza ya mbele kabisa ukingoni huwa na picha nzuri na wali uliopoa. Juu ya paa chini ya makuti kuna hewa nzuri, lakini mzee mwenye magoti mabovu atateseka na ngazi. Nyumba hizi zilijengwa kabla mtu hajafikiria lifti.

Pombe: hoteli nyingi za mjini haziuzi, na nyingine hazitaki uje nayo. Peponi na chache nyinginezo huuza. Usiingize chupa mkobani ukaifungua chini ya meza. Ni mji wa Waislamu, na mwenye hoteli ndiye atakayesemwa kesho.

Picha piga za chakula na bahari. Wahudumu na majirani waombe ruhusa, na akina mama wanaopita na buibui waache kabisa.

Hatua ya 7: Agiza vya pembeni

Wageni huagiza samaki kwa makini halafu wanamalizia kwa chipsi. Chipsi zipo Nairobi. Omba wali wa nazi, au mkate wa mofa kama siku hiyo upo, maana ndio unaofuta tui sahanini kisawasawa. Kachumbari, achari ya embe, pilipili pembeni. Usiseme "pilipili kidogo" kama huli pilipili, sema "bila pilipili". Kidogo ya Lamu si kidogo ya kwenu.

Kinywaji: ukwaju au ndimu kwa samaki wa nazi, hukata mafuta. Juisi ya embe ya hapa ni nzito, iache iwe ya mwisho. Barafu iulize imetengenezwa kwa maji gani kama tumbo lako halijazoea maji ya Pwani.

Mwenye mzio wa kamba aseme tangu asubuhi, na aseme pia kwamba hataki chochote kilichokaangwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa kamba. Watu husahau hilo la mafuta.

Hatua ya 8: Kula

Nawa mikono, hata kama umewekewa uma. Samaki wa kupaka haliki kwa uma, unamsumbua tu.

Atakuja amepasuliwa mgongoni na kufunguliwa kama kitabu, tui zito la manjano limeganda juu yake, pembeni limeungua kidogo likawa na weusi na harufu ya makaa. Mfupa mkubwa umebaki upande mmoja. Anza na upande usio na mfupa, tui likiwa bado la moto, kwa mkono wa kulia, vipande vidogo. Ukiumaliza, shika mfupa mkubwa mkiani uunyanyue taratibu kuelekea kichwani. Samaki aliyeiva sawasawa huuachia mzima. Akikataa kuachia, hajaiva, mrudishe dakika tano makaani. Miiba midogo iko ukingoni, karibu na mapezi. Ipapase kwa vidole kabla ya kutia mdomoni, usiutegemee ulimi. Nyama ya shavu, ile pande ndogo ya mviringo chini ya jicho, hupewa mgeni au mzee mezani. Usijichukulie mwenyewe.

Kwa kaa, omba kitu cha kupondea mapema. Meno yako si nyundo.

Paka watakuja. Wa Lamu ni wembamba, wana masikio makubwa na subira. Ukimpa mmoja, umewaita ndugu zake wote. Subiri mpaka mwisho, kisha mpe mhudumu mifupa, anajua pa kuitupa.

Hatua ya 9: Lipa

Omba bili iliyoandikwa, kila kitu na bei yake. Linganisha uzito na ule ulioandika kwenye simu. Lipa kwa namba ya hoteli. Bakshishi si lazima, na kama bili tayari ina ada ya huduma, hujanyima mtu kwa kutoongeza. Ukitaka kumshukuru mpishi, mpelekee mwenyewe jikoni mkononi, pamoja na neno zuri.

Mambo yakienda kombo

*Chakula kimechelewa zaidi ya saa nzima.* Kama uliagiza samaki wa kupaka ukiwa umekaa tayari, hilo si kuchelewa, ndiyo muda wake. Kama uliagiza asubuhi, nenda mwenyewe jikoni, usalimie, uulize. Kupiga kelele mezani hakuharakishi makaa. Omba bajia au supu ya pweza ya kushikiza.

*Ulichoahidiwa asubuhi hakipo.* Huenda chombo hakikurudi, au kundi kubwa limekutangulia. Usikubali kibadala cha bei ile ile bila kuambiwa ni nini. Uliza tena swali la mpishi angekula yupi.

*Samaki hana ladha sawa, au nyama yake inavurugika kama uji.* Mrudishe baada ya tonge la kwanza. Ukishakula nusu, hoja yako imekwisha.

*Ulimi unawasha kama umekula pilipili, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, dakika chache baada ya jodari au nguru.* Acha kula mara moja. Samaki wa aina hiyo akikaa kwenye joto hutengeneza histamini, na kupikwa hakuiondoi. Mara nyingi hupita baada ya saa kadhaa, lakini pumzi ikibana au midomo ikivimba, usingoje: Hospitali ya King Fahd iko mjini, na kutoka Shela boti ndiyo njia ya haraka.

*Mwiba umekwama kooni.* Kohoa, kunywa maji. Usimeze matonge makubwa ya wali au ugali ukidhani utausukuma, unaweza kuuzamisha zaidi. Ukibaki, hospitali.

*Bili imezidi.* Tulia, pitia mstari kwa mstari na mhudumu, kisha na msimamizi. Karibu kila mara ni kilo, kodi, au maji ya chupa uliyofunguliwa bila kuomba. Kilo onyesha maandishi yako. Maji lipa tu.

*M-Pesa haipiti.* Mtandao wa Shela hupotea. Mwachie msimamizi namba yako na jina la nyumba uliyofikia, ulipe kesho asubuhi. Hoteli za zamani zimezoea hilo, na kisiwa ni kidogo.

*Nahodha hajafika na ni usiku.* Mpigie mara ya pili, kisha mwombe msimamizi wa hoteli akuitie mwingine anayemjua. Usitembee ufukweni peke yako gizani, na usipande boti isiyo na taa. Uliyempa nusu ya pesa usimfute kwenye simu. Akipokea asubuhi na kuomba radhi, mwambie akupeleke Manda kwa nusu iliyobaki.